NGOZI YETU MBELE YA KAMERA: NANI ATAISOMA?



Ndugu msomaji, siku hizi si ajabu kumwona mzazi akimpiga mwanawe picha ya vipele vilivyomtoka shingoni, kisha akaiuliza simu, "Hivi ni vitu gani?" Simu hujibu kwa sekunde chache, tena kwa kujiamini. Binti naye huingia duka la vipodozi, akaweka uso wake mbele ya mashine yenye taa, na kompyuta ikamtajia alama alizopata ngozi yake. Na huko kwenye hospitali kubwa, madaktari wanatumia kamera na kompyuta kuitafuta saratani ya ngozi ingali changa. Elimu ya kuipima ngozi ya binadamu kwa picha za dijitali imeshaingia majumbani mwetu bila kubisha hodi.

Rai yangu katika makala haya ni hii. Elimu hiyo ni neema na hatuna sababu ya kuikimbia. Lakini mpaka sasa imefundishwa kwa ngozi za watu wengine zaidi kuliko ngozi zetu. Kwa hiyo anayeifanya kuwa hakimu wa mwisho anajitia hatarini, na anayeipa mgongo anawaachia wengine kazi iliyo yetu. Jukumu letu ni kuisoma, kuitumia kwa adabu, na kuwatoa miongoni mwa watoto wetu watakaoirekebisha.

KAMERA INAONA NINI?

Tuanze na msingi wenyewe. Katika karne ya 11, mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona. Humo alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia machoni, kinyume na waliodhani kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Hakuishia hapo. Aliandika pia juu ya makosa ya jicho, yaani namna jicho zima lisilo na ugonjwa linavyoweza kudanganyika. Mambo hayo mawili, mwanga na makosa ya kuona, ndiyo kiini cha mada yetu.

Picha ya dijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Aghalabu kila namba huwa kati ya 0 na 255, na ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Kompyuta haimwoni mtoto wala haiyaoni mapunye yake. Inaona jedwali refu la namba, na kazi yake ni kutafuta namba hizo zinafanana na za picha zipi kati ya ilizowahi kuonyeshwa.

Sasa tuitazame ngozi. Sehemu ya chini ya tabaka lake la juu ina seli zinazotengeneza melanini, nayo ndiyo inayotupa rangi. Wataalamu wametufahamisha jambo la kupendeza: katika eneo moja la mwili, idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote, awe Mmakonde, Mwarabu au mtu wa Norwei. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, na ukubwa wa vijifuko vinavyoibeba. Mafundi ni wale wale, kazi wanayoitoa ndiyo mbalimbali. Subhanallah!

Tofauti hiyo ndogo inabadilisha sana kile kamera inachokiona. Damu hunyonya mwanga wa kijani, ndiyo maana ngozi iliyopatwa na uvimbe huonekana nyekundu kwa mtu mweupe. Kwenye ngozi nyeusi, melanini hunyonya sehemu kubwa ya mwanga kabla wekundu haujaonekana. Uvimbe ule ule hutokeza kama zambarau, kijivu, au weusi uliokoza kuliko sehemu nyingine. Hivyo basi, kitabu kinachosema "tafuta wekundu", au mashine iliyofundishwa kuutafuta wekundu, inaweza kumpita mgonjwa wetu ikasema hana kitu.

FAIDA ZAKE TUSIZIKANE

Uadilifu unatutaka tutaje mazuri kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha habari za programu ya kompyuta waliyoifundisha kwa picha 129,450 za maradhi zaidi ya 2,000 ya ngozi. Waliipambanisha na madaktari bingwa 21 katika kutenganisha saratani na alama zisizo na madhara, na programu hiyo ikafanya kazi kwa kiwango cha mabingwa hao. Hilo si jambo dogo, kwani saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema aghalabu hukatwa na mtu akapona, na ikichelewa huingia ndani ya mwili.

Faida ya pili ni kuufupisha umbali. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache katika nchi zetu, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Hapa Tanzania tuna kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Lakini Moshi ni mbali kwa mama aliye Kilwa au Micheweni. Mhudumu wa zahanati akipiga picha nzuri na kuituma kwa bingwa, huenda mama huyo akaokoa nauli ya safari mbili, na huenda mwanawe akaokolewa maisha.

Wanaostahiki kufaidika kuliko wote ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi zao hazina kinga ya kutosha ya melanini, na jua la kwetu huwaletea vidonda na saratani wangali vijana. Kwao, kidonda kupigwa picha mwezi huu na mwezi ujao, kisha picha mbili zikalinganishwa, kunaweza kuonyesha mabadiliko ambayo jicho la kila siku limeyazoea na haliyaoni tena.

MASHINE HUJUA ILICHOFUNDISHWA

Tatizo liko wapi basi? Chukua mfano wa chuoni kwetu. Mwanafunzi aliyehifadhi Juzuu Amma peke yake, ukimtaka asome Suratul-Baqara kwa moyo, atainamisha kichwa na kunyamaza kwa adabu. Mashine haina adabu hiyo. Iliyofundishwa ngozi nyeupe, ukiipa ngozi nyeusi itajibu hivyo hivyo, na pengine itaandika na asilimia ya uhakika wake.

Watafiti wa Stanford wenyewe walieleza baadaye jambo la mazingatio. Waligundua kwamba programu yao ilielekea zaidi kuiita alama saratani pale picha ilipokuwa na rula. Kwa nini? Kwa sababu daktari anapotilia shaka alama fulani, huweka rula pembeni ili aipime. Picha nyingi za saratani zilizotumika kufundishia zilikuwa na rula, na mashine ikaokota jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kuifundisha. Sikwambii haya ili uicheke. Nakwambia ujue kwamba mashine hushika chochote inachokikuta kwenye picha, na kisichokuwemo haikijui.

Na nini hakimo? Mwaka 2021 kundi la watafiti, wakiongozwa na wataalamu wa Uingereza, lilikagua hazina 21 za picha za saratani ya ngozi zilizo wazi kwa kila mtafiti duniani. Walikuta picha 106,950. Picha zilizoandikwa aina ya ngozi ya mgonjwa zilikuwa 2,436 tu. Kati ya hizo, picha za watu wenye ngozi ya kahawia zilikuwa 10. Na picha ya mtu mwenye ngozi ya kahawia iliyokoza au nyeusi ilikuwa moja. Narudia, ndugu msomaji: moja.

Matokeo yake yalidhihirika mwaka 2022. Watafiti walikusanya picha 656 za ngozi za rangi mbalimbali, zote za wagonjwa ambao maradhi yao yalithibitishwa kwa kukata kipande cha ngozi na kukipima maabara. Wakazijaribu programu zilizokuwa zikisifiwa, na zote zikafanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Lakini habari njema imo ndani ya utafiti huo huo. Programu zilipofundishwa upya kwa picha hizo mchanganyiko, pengo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe liliondoka. Maana yake ni kwamba aibu hii haikuandikwa kwenye chuma. Ni upungufu wa masomo, na upungufu wa masomo dawa yake ni kusomeshwa.

KASORO ILIANZA KWA BINADAMU

Wengine watasema kompyuta ndiyo yenye ubaguzi. Hapana, kompyuta imerithi. Zama za kamera za filamu, maabara nyingi za kusafishia picha zilikuwa na kadi ya mfano ya kampuni ya Kodak, yenye picha ya mwanamke mweupe, na mitambo ilirekebishwa mpaka rangi ya mwanamke yule ionekane sawasawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana. Wazee wetu wanakumbuka picha za harusi ambamo nguo zimeng'ara na nyuso zimebaki kiza. Aliyelaumiwa alikuwa mpiga picha, kumbe kipimo chenyewe kilikuwa na upande.

Vitabu vya udaktari navyo vilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2020 kijana mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini London, aliona kwamba wanafunzi wanaonyeshwa dalili za maradhi kwenye ngozi nyeupe tu. Yeye na walimu wake wawili wakatoa kitabu cha picha za dalili hizo kwenye ngozi nyeusi na kahawia, kikagawiwa bure. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, uliowahusisha madaktari zaidi ya 800 wa nchi 39, uliwaonyesha kwamba hata wao hukosea zaidi wanapotazama picha za ngozi nyeusi. Na walipopewa msaada wa akili bandia, usahihi wao ulipanda, lakini kwa madaktari wasio mabingwa wa ngozi pengo baina ya rangi mbili likazidi kupanuka. Msaada usiokuwa na uadilifu unaweza kumwinua kila mtu na bado ukamwacha mmoja nyuma zaidi.

MASHINE YA DUKANI

Sasa nije kwenye jambo linalowagusa zaidi binti zetu, na siku hizi vijana wa kiume pia. Baadhi ya maduka ya vipodozi yana mashine inayopiga uso picha kwa mwanga wa kawaida na kwa miale ya urujuanimno. Miale hiyo huonyesha madoa ya melanini yaliyo ndani ya ngozi, ambayo hakuna jicho la binadamu lingeyaona mtaani. Kisha kompyuta huhesabu madoa, vinyweleo na mikunjo, ikatoa alama. Kitaalamu picha za namna hii zina kazi yake, nao madaktari huzitumia. Lakini dukani mambo hugeuka. Kila uso una doa, hata uso wa mtoto wa miaka kumi. Mashine ikishayaonyesha kwenye kioo kikubwa, muuzaji yuko pembeni na kopo mkononi.

Ndugu zangu, mpimaji na muuzaji wakiwa mtu mmoja, mizani hiyo ina walakini. Tumesoma Suratul-Mutaffifin tangu tukiwa wadogo, tukajua ubaya wa kupunja vipimo vya sokoni. Kumtia mtu khofu ya uso wake ili anunue dawa asiyoihitaji ni katika mlango huo huo.

Na tunajua kopo hilo linaelekea wapi. Mkorogo umewaharibu wengi. Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na haidrokwinoni au zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito humdhuru na aliye tumboni. Ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Makubaliano ya mataifa ni mazuri, ila duka la mtaani hulifunga mnunuzi mwenyewe kwa kutokununua.

Mdogo wake mkorogo ni kamera ya simu inayong'arisha uso bila kuombwa. Binti anajitazama humo kila siku akiwa mweupe na hana hata chunusi, kisha anakwenda kwenye kioo cha nyumbani na kukiona kioo ndicho kinachosema uongo. Mzazi, izime sehemu hiyo kwenye simu ya mwanao, na umweleze kwa nini umeizima.

SITARA YA MWILI

Wapo wanaouliza: je, inajuzu kupiga picha sehemu ya mwili iliyo awra kwa ajili ya tiba? Mimi si mufti, na mwenye tatizo mahususi amwendee sheikh wake. Ila msingi tuliousomesha darasani unajulikana. Kujitibu kumeamrishwa, na haja ya tiba huruhusu kufunuliwa kinachohitajika kwa kiasi cha haja hiyo, kwa mtaalamu anayeaminika, na aliye wa jinsia moja na mgonjwa hutangulizwa akipatikana.

Picha ya dijitali inaongeza jambo ambalo wanavyuoni wa zamani hawakukutana nalo. Jicho la daktari likishatazama, yamekwisha. Picha hubaki. Hunakiliwa, huhifadhiwa kwenye kompyuta za nchi za mbali, na programu nyingi za bure hulipwa kwa picha zako bila wewe kujua. Tumefundishwa katika Surat Fussilat kwamba Siku ya Kiyama ngozi zitatoa ushahidi juu ya wenyewe. Basi ngozi ni amana yenye kumbukumbu, isisambazwe ovyo kwenye makundi ya simu kwa kisingizio cha kuulizia dawa. Khasa picha za watoto, ambao hawana uwezo wa kukubali wala kukataa.

HOJA MBILI NA MAJIBU YAKE

Kuna wanaosema, "Haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna dawa zetu na madaktari wetu, hayatuhusu." Jibu ni kwamba mashine hizi haziulizi kama zinatuhusu. Zimo ndani ya simu tulizonazo na zitazidi kuingia hospitalini. Tukikataa kushiriki, zitakuja zile zile zilizotuona mara moja katika picha elfu mbili.

Wengine husema, "Simu inatosha, ya nini kupanga foleni hospitali?" Hawa nao wamekosea. Chukua ukoma. Dalili yake kubwa ni baka lililopauka ambalo halihisi kuguswa. Mhudumu wa afya hulipapasa kwa kipande cha pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, naye hujua papo hapo. Kamera iwe ghali namna gani haiwezi kujua kama baka lina hisia. Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure, lakini mishipa ya fahamu ikishaharibika vidole havirudi. Mtoto aliyeambiwa na simu kwamba ana choa, akapakwa mafuta mwaka mzima, ameibiwa mwaka ambao hautarudishwa. Katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa kuzihakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Habari ya simu nayo ni habari.

HII NI FARDHI KIFAYA

Tulimsomesha kila mwanafunzi hapa kuwa fardhi kifaya ni wajibu ambao wakiutekeleza baadhi, wengine husamehewa, na wasipoutekeleza hata mmoja, wote wana dhambi. Mfano unaotolewa siku zote ni sala ya maiti. Wanavyuoni wetu wakubwa waliitia elimu ya tiba katika fungu hilo hilo, kwa kuwa umma hauwezi kuishi bila ya tabibu.

Allah (S.W.) ametujulisha katika Suratur-Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake, akazihusisha ishara hizo na watu wenye elimu. Itafakari vyema. Rangi ya ngozi yako ni aya, na aya inahitaji msomaji. Ikiwa kwenye hazina za picha za dunia aya hiyo imeandikwa mara moja, basi kuna kazi ya kuisoma na kuiandika ambayo hakuna atakayeifanya kwa niaba yetu kwa moyo ule ule.

Kwa hiyo, kijana unayelipenda somo la hesabu, jua kwamba zile matriki za sekondari ndizo picha zenyewe. Wewe unayelipenda somo la biolojia, nchi yetu inahitaji madaktari wa ngozi, na hospitali zetu zina wagonjwa ambao picha zao, zikikusanywa kwa ridhaa na kuhifadhiwa kwa amana, zitawafundisha mashine na madaktari wa ulimwengu mzima. Wewe unayependa sheria na fiqhi, nani ataandika kanuni za kuilinda awra ya mgonjwa katika zama za picha, kama si wewe uliyesoma vyote viwili? Na wewe unayependa kupiga picha harusini, jifunze kuupima mwanga mpaka uso mweusi utoke na uzuri wake wote. Hiyo nayo ni elimu.

NASAHA KWA WAZAZI

Kabla sijamaliza, haya hapa ya kufanya kuanzia leo:

1. Picha ya kumpelekea mhudumu wa afya ipigwe mchana, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, bila taa ya simu na bila kung'arishwa. Piga moja ya karibu na moja ya mbali kidogo, na uweke sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe.

2. Jibu la simu lichukue kama swali la kumpelekea daktari. Usianze wala usiache dawa kwa sababu ya simu.

3. Nenda hospitali bila kuchelewa kwa kidonda kisichopona, baka lisilo na hisia, au alama inayokua au kubadilika rangi. Kwa watu weusi, saratani mbaya ya melanoma mara nyingi hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwimbaji wa Jamaika, Bob Marley, alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Sisi tunaosali tunaosha miguu kwa udhu kila siku. Tusiishie kupitisha maji baina ya vidole, mara moja moja tuutazame na unyayo.

4. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na apelekwe kliniki mara kwa mara hata akiwa hana kidonda.

5. Mashine ya dukani ikikutajia kasoro, shukuru, ondoka, na ukamwulize asiyekuuzia kitu.

Wanafunzi wangu wapendwa, miaka si mingi baadhi yenu mtakaa nyuma ya hizo kamera, na wengine mtaandika programu zake. Siku hiyo mkumbuke kwamba zilifika kwetu zikiwa hazijatuona vyema, msije mkatengeneza nyingine zisizowaona watu wengine.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie kuziridhia sura alizotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu wenu, darasa la Fiqhi